Pete Iliyopauka

Kosa lenyewe Mama Pete aliligundua akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika boriti, mwingine umeshika kioo kidogo cha kuchungulia viotani. Mbayuwayu dume alimpita karibu na sikio kama mshale uliofyatuka, akaingia kwenye kiota cha dirishani, akawalisha makinda wake na kutoka tena. Mguuni alikuwa na pete ya rangi ya chungwa. Mabawa yake yalikuwa mazima. Hata unyoya mmoja haukukosekana.

Mama Pete alihisi ngazi ikimponyoka miguuni, ingawa haikusogea hata chembe.

"Shikilia," alisema.

"Nimeshikilia, dada. Leo jina langu hujalitaja sana, nilishaanza kudhani umenikasirikia."

Aliyejibu alikuwa mwanamume mnene wa makamo, aliyeajiriwa na kituo cha utafiti kushika ngazi, kubeba nyavu na kufukuza paka. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ofisini. Humo ghalani aliitwa Shikilia, kwa sababu ndilo neno alilotupiwa kutoka juu tangu asubuhi hadi jioni. Naye Mama Pete alipewa jina lake kwa kazi ya kuwavisha ndege pete miguuni. Vidoleni mwake mwenyewe hamkuwa na pete yoyote, kwani ile ya ndoa ilikuwa imelegea tangu ajifungue, akaivua asije akaipoteza.

"Yule dume tuliyemkata manyoya asubuhi ile ya ukungu, alikuwa na pete gani?"

"Ya chungwa. Wewe ulisema chungwa, na mimi nikaitikia chungwa, kama wanakwaya."

"Mwenye pete ya chungwa ndiye huyu aliyetoka sasa hivi. Hajakatwa."

Mzaha ulimtoka Shikilia. "Basi tulimkata nani?"

Mama Pete alishuka. Waliihamisha ngazi hadi katikati ya ghala, chini ya kiota kilichojengwa kwenye pembe ya boriti kuu, wakasimama kando na kungoja. Ghala lile lilikuwa la mbegu zamani, kabla ya paa kuanza kuvuja na wenyewe kulihama. Siku hizi wapangaji wake walikuwa mbayuwayu, na viota vyao vya udongo vilijipanga chini ya paa kama vikombe kwenye rafu. Baada ya muda dume wa kiota cha boriti aliingia kwa mlango mkubwa. Aliruka kwa kujikongoja, akipiga mabawa haraka kuliko kawaida, kama mtu anayepanda mlima na mzigo usiolingana mabegani. Alipotua, Mama Pete aliinua darubini na kuielekeza mguuni kwake.

Pete yake ilikuwa nyekundu ilipovishwa, misimu mitatu iliyopita. Jua lilikuwa limeipausha hata ikawa na rangi ya chungwa lililokauka. Kila ndege alikuwa pia na pete ya chuma yenye namba ndogo, na kanuni ya kazi ilikuwa kuisoma pete ya chuma kwanza, rangi baadaye. Asubuhi ile ya ukungu macho ya Mama Pete yalikuwa yakimwasha kwa kukosa usingizi. Mtoto wake mchanga alikuwa amelia usiku kucha. Aliona chungwa, akatosheka.

Jike wa kiota hicho cha boriti, mwenye pete ya kijani, alikuwa amekwisha kukatwa siku chache kabla, kwa haki na kwa mpango. Kwa hiyo wazazi wote wawili wa kiota kimoja walikuwa wamepunguzwa mabawa. Ndani ya kiota mlikuwa na makinda wanne ambao hata macho hayajafumbuka vizuri.

Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja tu, nalo Daktari, mkuu wa kituo, alipenda kulitamka polepole kama mtu anayeonja asali. Mzazi ambaye manyoya yake yamechakaa huilipia wapi hasara hiyo: mwilini mwake, au matumboni mwa watoto? Mbayuwayu hubadilisha manyoya mara moja kwa mwaka, malezi yakishakwisha. Mpaka wakati huo huruka kwa yale yale aliyonayo, yawe yamesuguka au yamekatika. Ndiyo maana katika kila jozi mzazi mmoja alinaswa, akakatwa manyoya machache ya kurukia kila upande, akaachiliwa. Kukatwa hakumuumizi, ni sawa na mtu kukata kucha. Lakini unyoya uliokatwa haumei. Kisiki chake hukaa bawani hadi msimu wa kupukutika. Mwenzake aliachwa mzima ili aubebe mzigo utakaozidi. Kutomgusa mwenzake ndiko kulikoufanya mpango mzima usiwe ukatili.

Daktari alimsikiliza Mama Pete hadi mwisho, viwiko vyake vikiwa mezani. Hakuwa mtu wa kufoka. Wengi walisema afadhali angekuwa anafoka.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Wengine wangekaa kimya."

"Nataka ruhusa ya kuwahamisha makinda, Daktari. Viota vya jirani vina makinda wa umri ule ule. Tukiweka mmoja hapa, mmoja pale, wenyewe hawatatambua. Watawalisha kama wao."

"Hawatatambua wao, sawa. Na takwimu zangu je? Ukiongeza mdomo kwenye kiota, mzazi wa hapo anaongeza kazi. Utakuwa umeviharibu viota vinne ili uokoe kimoja ambacho kimekwisha kuharibika."

"Watakufa."

"Huenda wakafa. Huenda wasife." Alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati. "Nikuambie kitu, Mama Pete, na usinione mbaya. Mimi nisingethubutu kuandika kwenye mpango wa utafiti kwamba tuwakate wazazi wote wawili. Wangenikatalia, na wangekuwa na haki. Sasa limetokea bila mtu kukusudia. Kiota hicho kinaweza kutuonyesha jambo ambalo hatutaliona tena. Kitazame. Pima uzito kila asubuhi. Usikisaidie, usikiguse zaidi ya hapo."

"Kwa hiyo nisimame niangalie."

"Ndiyo kazi yetu sote," alisema Daktari, kwa upole kabisa.

Mama Pete alitoka amejikaza kisabuni.

Mvua ilianza siku iliyofuata. Haikuwa mvua ya kishindo inayonyesha na kupita. Ilikuwa manyunyu baridi yasiyokatika, yaliyoshuka asubuhi na jioni kana kwamba mbingu zimesahau kufunga bomba. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na wadudu hawaruki katika baridi. Wazazi wenye mabawa mazima walilazimika kwenda mbali, hadi kwenye madimbwi ya machinjio upande wa pili wa mji, na hata wao walirudi na tonge dogo. Wale wawili wa kiota cha boriti walikwenda huko huko kwa mabawa nusu. Kila walipoingia ghalani walishuka kwanza kwenye fremu ya mlango, wakatweta, ndipo wakapanda kwenye boriti.

Kila asubuhi Mama Pete aliwatoa makinda mmoja mmoja na kuwaweka kwenye mizani iliyotandikwa kitambaa. Uzito ulipanda kidogo, ukasimama, kisha ukaanza kushuka. Lakini lililomkata maini zaidi halikuwa mizani. Manyoya ya makinda yalikuwa yanaanza kuchomoza kutoka kwenye vifuko vyake, na juu ya kila unyoya, mahali pale pale, palikuwa na mstari mwembamba uliopauka, kama kitambaa kilichorukwa uzi. Ndiyo alama ya njaa. Siku kinda anapokosa chakula, unyoya unaomea siku hiyo hutoka dhaifu, na alama haifutiki. Ndege ataruka nayo mpaka manyoya yale yatakapopukutika, kama ataishi hadi hapo.

"Mistari imekuwa miwili," alisema.

"Wacha kuihesabu, dada," alisema Shikilia kutoka chini. "Unajitafutia ugonjwa. Hata mimi nyumbani nikiona mchele umepungua sichungulii kwenye pipa, nasubiri mke wangu apige kelele."

"Wewe mkeo ana sauti. Hawa sauti zinawaishia."

Ilikuwa kweli. Makinda wa viota vingine walipomsikia mzazi walifyatua vinywa vyao vya manjano na kelele zikajaa ghalani. Wale wanne walinyanyua vichwa taratibu, wakavishusha.

Siku hizo Mama Pete aliishi kwa kugawanyika. Nyumbani alikokuwa akikaa na mama yake mzazi, kwa kuwa mumewe alifanya kazi mbali na kurudi kwa nadra, alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne ambaye bibi yake alimwita Mheshimiwa, kwa jinsi alivyopenda kubebwa na kungojewa. Maziwa ya Mama Pete yalikuwa yanapungua. Alikamua kabla ya kwenda kazini na kilichopatikana hakikuvuka chini ya chupa. Nywele zake nazo zilimtoka kwa vitita. Kila alipochana, kitana kilibeba shungi, na upande mmoja wa paji la uso ngozi ilikuwa imeanza kung'aa. Muuguzi wa zahanati alimwambia ni kawaida baada ya uzazi, zitarudi. Alimwambia pia ale vizuri, alale, apunguze mawazo. Mama Pete alimshukuru na kuondoka, akijiuliza ni lipi kati ya hayo matatu lilikuwa jepesi.

Jioni moja aliingia ndani akiwa amelowa na kumkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha pembeni, Mheshimiwa mapajani, na chupa ya maziwa ya kopo mdomoni mwa mtoto. Mtoto alinyonya kwa pupa, macho yamefumba, ngumi zimelegea. Aliposikia sauti ya mlango hakugeuka.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana mimi na wewe. Mheshimiwa hakuwepo kwenye kikao."

"Nilisema nitajitahidi."

"Na unajitahidi, nani anakataa? Lakini alilia hadi sauti ikakauka, mwanangu. Ulitaka nimwimbie tu? Nimeimba nyimbo zote ninazozijua, nikaanza na za harusi." Bibi alimwinua mtoto begani na kumpigapiga mgongoni. "Mbona umesimama kama umekuta mwizi? Kaa chini. Vua hizo nguo."

Mama Pete alikaa. Alimtazama mtoto akicheua, ameshiba, amenawiri usoni, na moyoni mwake zikaingia furaha na donge kwa mlango mmoja.

"Anashiba kwa mwingine," alisema.

"Anashiba," alijibu mama yake. "Sentensi ikomee hapo."

Asubuhi iliyofuata Shikilia alimngoja nje ya ghala, kofia mkononi. Kwa kawaida mvua ikinyesha asingetoka mlangoni hata kwa dawa.

"Usiende kule kwenye ukuta wa nyuma kwanza," alisema.

Mama Pete alikwenda. Dume mwenye pete iliyopauka alikuwa amelala kwenye matope chini ya mfereji wa paa, bawa moja limefunguka. Mama Pete alimwokota. Uzito wake ulikuwa kama wa bahasha tupu. Alipopuliza manyoya ya kifuani kuyatenganisha, mfupa wa kidari ulitokeza mkali kama upande wa kisu, pande zote mbili hamna nyama. Manyoya ambayo hayakukatwa yalikuwa yamesuguka ncha, yamekosa ule mng'ao wa buluu. Alikuwa ameyatumia kufidia yaliyokosekana. Kooni mwake, alipomfungua mdomo, mlikuwa na tonge la wadudu lililobanwa vizuri. Alikuwa njiani kurudi. Hakuwa amelila.

"Amejibu swali la Daktari," alisema Mama Pete. "Alilipa mwilini mwake."

"Dada, tuingie ndani. Unalowa."

"Mimi ndiye niliyemkata, Shikilia. Kwa mkasi huu huu."

"Na mimi ndiye niliyemshika ukimkata. Basi tugawane, usijibebee yote peke yako kama nguo za mnada."

Hakucheka, lakini alimfuata ndani.

Sasa alibaki jike peke yake, mwenye pete ya kijani, akiwa na mabawa pungufu na makinda wanne. Mama Pete aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkabala na kiota, akashika tama. Jike aliingia mara moja mapema, akalisha kinda mmoja, akatoka. Baada ya hapo hakuonekana tena mlangoni. Wazazi wengine waliingia na kutoka. Saa ya chai ilipita. Mvua ilipungua, ikarudi. Kiota cha boriti kilikuwa kimya, na kimya kile kilimwingia Mama Pete masikioni kuliko kelele zote za jirani.

"Hatarudi," alisema hatimaye.

"Labda ameenda mbali."

"Hatarudi. Hivyo ndivyo wanavyofanya. Mzazi akiona mwili wake unakwisha huwaacha, aende akajiponye, azae mwaka mwingine. Imeandikwa kwenye vitabu vyote. Kuna aliyelipa mwilini, na huyu ameamua walipe watoto." Alisimama ghafla. "Mama gani huyu anayeondoka wakiwa bado wanapumua?"

Shikilia alikuwa akimtazama kichwani, pale paji la uso lilipong'aa, kisha akayaondoa macho haraka.

"Lete ngazi," alisema Mama Pete.

"Daktari alisema..."

"Nilimsikia alivyosema. Lete ngazi, ukitaka. Usipotaka, nitaileta mimi, na wewe utakuwa hukuona kitu."

Shikilia alivuta pumzi ndefu, akaenda kuichukua ngazi. "Sijawahi kutokuona kitu maisha yangu yote," alinung'unika. "Nianzie leo, na uzee huu?"

Mama Pete alipanda. Kinda mmoja alikuwa amekwisha kufa, amekauka chini ya wenzake. Watatu waliobaki walikuwa wa baridi kiganjani kama mawe ya mtoni. Mama Pete aliwaweka kifuani, ndani ya blauzi, wapate joto, na akapanda na kushuka, kutoka kiota hadi kiota, akiwagawa. Wa kwanza alimweka kwenye kiota cha dirishani, katikati ya makinda wa yule dume wa pete ya chungwa. Wa pili kwenye kiota cha nguzo. Wa tatu, aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake, kwenye kiota cha juu ya mlango. Kisha walirudi nyuma na kungoja, roho mkononi.

Dume wa pete ya chungwa aliingia. Alisimama ukingoni mwa kiota chake, vinywa vikafunguka, na miongoni mwavyo kimoja kilichelewa kidogo kufunguka. Alikijaza hicho. Akaondoka kana kwamba idadi ya watoto wake ilikuwa hiyo tangu mwanzo.

Shikilia alipiga paja lake taratibu. "Huyu hajui hesabu kabisa. Mungu ambariki."

Mama Pete alijikuta anacheka, cheko jembamba lililokaribia kilio. Kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, mabega yake yalishuka. Hata aliwaza namna ya kumkabili Daktari: angesema yote, angekubali lolote litakalofuata, hata kuachishwa kazi. Watoto wangekuwa hai.

Ndipo jike mwenye pete ya kijani alipoingia.

Alikuja chini chini, karibu aguse sakafu, akatua kwenye fremu ya mlango na kukaa hapo huku kifua kikipanda na kushuka. Alikuwa amelowa hadi shingoni. Koo lilikuwa limevimba kwa chakula, tonge kubwa kuliko lolote aliloleta wiki nzima. Huko alikokwenda, umbali wowote ule, alikuwa amewapata wadudu. Alijirusha hadi kwenye boriti, akaning'inia ukingoni mwa kiota chake, akaingiza kichwa.

Alikitoa. Akakiingiza tena.

Jike aliita, mlio mfupi wa kuwaamsha makinda, ule ambao kila kiota ghalani kiliujua. Hakuna aliyeitikia. Alizunguka kiota kwa nje, akaruka hadi boriti ya pili, akarudi. Alikwenda kwenye kiota cha nguzo, na wenye kiota wakamfukuza kwa midomo. Alikwenda dirishani; dume wa pete ya chungwa alimpiga dafrau la kifua, naye kwa mabawa yale hakuweza kukwepa, akaanguka nusu ya njia kabla ya kujishika hewani. Koo lake lilikuwa bado limejaa. Alirudi kwenye kiota chake kitupu na kutulia, ametazama ndani.

"Nilisema amewaacha," alisema Mama Pete. "Nilisema kwa mdomo wangu."

"Hukujua."

"Sikungoja. Ile asubuhi sikusoma pete, na leo sikungoja." Alikuwa akijikuna kiganja kwa kucha bila kujua. "Nitamrudishia."

"Wote watatu? Dada, hataweza. Utawaua pamoja na yeye. Umesahau yule aliyelala kwenye matope?"

Hapo ndipo alipokwama. Akiwarudisha wote, mama angejimaliza kama baba alivyojimaliza. Asipomrudishia yeyote, watoto wangelelewa salama na wengine, na jike yule angeendelea kuzunguka na chakula kooni mpaka mwili wake usahau alikuwa analisha nani. Mizani ya Daktari isingekuwa na shaka: mwache, anenepe, aishi. Mama Pete alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Alitazama mdomo ule ulioshikilia tonge.

"Mmoja," alisema. "Mmoja anaweza."

"Nani?"

Alifikiri kidogo tu. "Wa juu ya mlango. Mwenye nguvu. Wadhaifu wabaki kwa wenye mabawa."

Walifanya haraka, lakini kila walipoinua ngazi jike aliruka kwa hofu hadi mwisho wa ghala, akagonga bati, akarudi. Mama Pete alimtoa kinda kiotani juu ya mlango, akamfunika kiganjani, akashuka, akapanda kwenye boriti kuu. Kiota kilikuwa na ubaridi wa kitu kilichohamwa. Alimtoa yule mfu, akamtia mfukoni, akamweka aliye hai mahali pake. Kinda hakulia. Alijikunja tu.

"Shusha ngazi. Ilaze kabisa."

Waliilaza, wakajibanza nyuma ya magunia yaliyooza. Jike alitua mbali, akatazama. Alikaribia boriti, akaghairi. Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya bati hata hapakusikika kitu kingine. Alizunguka mara nyingine, chini zaidi, na Mama Pete aliona jinsi lile bawa la kushoto lilivyotaka kumwangusha kila alipogeuka.

"Akilimeza mwenyewe sitamlaumu," alinong'ona.

Jike aliruka. Alining'inia ukingoni, akaingiza kichwa, na safari hii hakukitoa upesi. Mkia wake ulitikisika. Kutoka pale nyuma ya magunia hawakuweza kuona ndani, wala kusikia.

Alipotoka, mdomoni alikuwa amebeba kifuko kidogo cheupe, kama lulu iliyolowa. Shikilia alikunja uso. "Ametoa nini?"

"Kinyesi cha mtoto," alisema Mama Pete. "Wanakitoa hivyo, wakikibeba nje. Kinda hatoi kama hajala." Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, macho na kamasi kwa pamoja, bila aibu.

Jike alitoka nacho mlangoni, akakidondosha kwenye mvua, akaelekea tena upande wa machinjio. Aliruka upande, akivutwa na upepo, akijirudisha, akivutwa tena, mpaka manyunyu yakamfunika.

Mlango wa ofisi ng'ambo ya ua ulifunguka. Daktari alisimama pale na mwavuli wake mweusi, akitafuta kwa macho njia isiyo na matope.

"Atauliza kwa nini ngazi imelala katikati," alisema Shikilia.

"Iache ilale. Usiiinue mpaka huyu mama arudi."

Alikifunga kifungo cha juu cha blauzi, akatoka kwenda kumlaki Daktari kabla hajaufikia mlango, ili maneno yote yatakayosemwa yasemwe kule nje, mbali na kiota.